Mkunga na Pipa la Ndago

Sisi wa mlimani, huku juu nyuma ya stendi ya Buzuruga, tuna vitu viwili vya kujivunia: mawe na Mkunga. Mawe tuliyakuta. Mkunga alikuja mwenyewe, na toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, iliyobeba kitanda, redio, sanduku la bati na majembe manne, akahamia nyumba ya vyumba viwili inayopakana na yangu. Majembe yalikuwa mengi kuliko sufuria. Nilimwambia mume wangu kwamba tumepata jirani wa ajabu, na kwa mara moja katika ndoa yetu alikubaliana na mimi papo hapo.

Jina lake nalijua, ila hakuna anayelitumia, na sioni kwa nini nianze mimi. Alikuwa ameshastaafu baada ya kuzalisha wanawake miaka na miaka huko Misungwi na Magu, lakini kazi ilikataa kumtoka. Watoto waliozaliwa hospitali za mjini, ambao hakuwahi kuwagusa, wanamwita Mkunga. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule mjini, Mhindi wa hapahapa Mwanza anayeongea Kisukuma kunishinda mimi, akimwona mlangoni anawaambia vijana wake, "Mkunga huyo. Mtoleeni kiti, na msimdanganye bei." Yeye ndiye aliyempa lile pipa la bluu, ambalo bila hilo nisingekuwa na cha kuandika.

Mlima wetu ni mawe, makubwa kwa madogo, na nyumba zimepachikwa palipobaki. Kati ya jiwe na jiwe kuna viraka vya udongo, na kila kaya ina kiraka chake cha mchicha, matembele na nyanya chache. Na katika kila kiraka kulikuwa na ndago. Asiyelima huenda haijui. Juu ni majani membamba, mazuri hata kuyatazama. Chini ni vijitunguu vyeusi vilivyoshikana kwa nyuzi nyembamba, kimoja baada ya kingine, vinashuka hadi uchoke kuchimba. Ukivuta jani, kijitunguu kinabaki. Ukipiga jembe, unakata uzi, na kila kilichobaki kinaanza maisha yake.

Dawa yetu ilikuwa moja, nayo naona haya kuisimulia. Tulikuwa tunaing'oa na kuirusha chini ya jiwe, kwa jirani wa chini. Jirani wa chini naye anamrushia wa chini yake. Wa mwisho kabisa alikuwa Mama Kulwa, mwenye kiraka kikubwa kuliko vyote, anayeuza mchicha pale stendi, na ambaye miaka hiyo mapacha wake walikuwa bado hawajazaliwa. Mvua ikinyesha alikuwa anapokea ndago za mlima mzima. Alikuwa anasimama katikati ya matuta yake, anatazama juu, anatukana kwa Kisukuma bila kutaja mtu, na sisi tuliokuwa juu tulikuwa tunaendelea na shughuli zetu kama watu wasiojua lugha.

Mkunga aliona mchezo huu kwa wiki moja tu. Wiki ya pili alipita nyumba kwa nyumba. Hakuhubiri. Alisema, "Msirushe. Leteni kwangu." Tulifurahi sana, kwa sababu tulidhani tumepata mjinga.

Alichotaka kufanya, kila mkulima angemwambia hakifanyiki: kugeuza magugu yasiyokufa kuwa mboji. Majani ya maharage, maganda ya ndizi na samadi, hivyo kila mtu anaviozesha. Lakini ndago ukiitia kwenye lundo la mboji unakuwa umeipeleka hotelini. Inakula, inalala kwenye joto, na siku ukitandaza mboji yako shambani unakuwa umeipanda kwa mikono yako. Sangari nayo, yale majani ya kutambaa, ni hivyohivyo, ile mizizi yake mirefu myeupe.

Yeye aliyatenganisha. Sangari alikuwa anaianika juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yake, jiwe ambalo saa nane mchana huwezi kulikanyaga bila ndala. Alikuwa anaigeuza kila siku mpaka mizizi inavunjika mkononi kama tambi kavu. Ndago hakuiamini juani. Mwaka wake wa kwanza aliianika pamoja na sangari, mvua ikaja ghafla, vijitunguu vikateremka na maji vikaingia kwenye ufa wa jiwe, na mpaka leo kuna kishungi cha ndago kimeota hapo katikati ya jiwe tupu. Amekataa kuking'oa. Mgeni akija anamwonyesha: "Hilo ni kosa langu, nimeliacha ili lisinitoke kichwani."

Kwa hiyo ndago ilikuwa inaingia kwenye pipa. Anajaza pipa maji, anatumbukiza ndago ya salfeti nzima, lile gunia la plastiki, anaweka jiwe juu izame yote, anafunika. Siku sitini. Hakusema "kuloweka," alisema "kulaza." Pipa lilikuwa wodi. Alikata vipande vya boksi akavifanya kadi, na kila pipa likijazwa alibana kadi mpya kwenye mdomo wake kwa kibanio cha nguo: ndago ya nani, salfeti ngapi, imelazwa lini, mwangalizi nani. Kila asubuhi na jioni anakoroga kwa mti, anainama, ananusa, anaandika. Siku ya sitini vijitunguu vinakuwa uji mweusi, na hapo ndipo vinaruhusiwa kuingia kwenye lundo.

Harufu yake sasa. Nawaomba wasomaji wanaokula wasubiri kidogo. Mwanamke huyu, ambaye hawezi kukupa mkono kabla hujanawa, ambaye alikuwa anakagua kucha za watoto wangu pale uani kama bado yuko kazini, alikuwa na pipa ambalo likifunguliwa mbwa wanahama. Nilimuuliza siku moja anawezaje. Akasema, "Mama Neema, kinachonuka kimekufa. Wewe ogopa kisichonuka." Kisha akaninusisha mti wa kukorogea, na nikalazimika kuacha kushona kwa muda.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, hatua kumi kutoka lilipo pipa. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu litatufikisha mahali.

Kulikuwa na kopo. Lundo likishapoa, Mkunga anachota mboji kutoka sehemu tatu, anajaza kopo la maziwa lililotobolewa chini, analimwagilia na kuliweka dirishani kwa wiki tatu. Likiota jani lolote linalofanana na ndago, lundo zima linarudi nyuma. Lisipoota, anaandika kwenye kadi ya lundo: "Imeruhusiwa." Hapo tena anaita watu waje na ndoo zao. Kila kaya ilikuwa inapata mboji ya bure iliyotokana na magugu ya kaya hiyo hiyo, nyeusi, laini, inayonukia kama ardhi baada ya mvua. Alikuja bwana shamba mmoja akamwambia ndago haifai mboji, ichomwe. Mkunga hakubishana, alimpa kopo. "Kaa nalo wiki tatu. Ikiota njoo na kiberiti, nitachoma mwenyewe." Yule bwana alirudi baada ya miezi miwili kuomba mboji zaidi, na kwenye kopo akawa amepanda pilipili.

Ndiyo maana nasema tulijivunia. Watu walikuwa wanatoka mitaa ya mbali kuja kuona matuta ya mlimani kwetu yasiyo na ndago. Mama Kulwa aliacha kutukana. Mchicha wake ulikuwa wa kwanza kuisha pale stendi, na mapacha wake, Kulwa na Doto, Mkunga ndiye aliyewapokea, mchana wa mvua ambapo gari halikuweza kupanda. Aliwazalishia chumbani kwa Mama Kulwa, akatoka nje kuwatangazia majirani akiwa na udongo bado kwenye magoti, maana alikuwa ametokea bustanini. Mikono aliinawa. Magoti alisahau.

Hakuwa mtu mwepesi, na sitaki kumpaka sukari. Alikuwa mkali kwa sisi wazima na laini kwa mwenye uchungu tu. Ukija kwake na jembe la kawaida kutaka kumsaidia kuchimba ndago, anakunyang'anya. Yeye alitumia jembe uma peke yake: analizamisha mbali na shina, anaunyanyua udongo taratibu, anavuta mnyororo wa vijitunguu mzima mzima, na akipata mrefu anautundika begani na kutembea nao hadi jioni. Alipenda kusifiwa, jambo ambalo watu hawalitarajii kwa mtu wa namna yake. Ukimwambia mboji yake ni nzuri anasema "najua," na ukikaa kimya anakuuliza. Alikuwa anasikiliza vipindi vya mahusiano redioni na kumjibu mtangazaji. Aliwahi kushuka hadi ziwani akarudi na mzigo wa magugumaji juu ya toyo, wavuvi wanacheka hadi wanakaa chini, kwa sababu tu alisikia nayo hayafi. Yalikufa juu ya lile jiwe kwa siku kumi. Siku ya kumi na moja aliwapelekea wavuvi habari.

Na hakuwahi kumtukana mtu aliyekosea, ila alitaka kosa liandikwe. Hilo alilileta kutoka kazini. Alikuwa anasema: "Mama akipata shida, usiulize kwanza nani wa kulaumiwa. Uliza lini, na nini kilitangulia. Ukiandika uongo hapo, atakayefuata ataumia kwa uongo wako."

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Mwaka ule Neema wangu alikuwa anachumbiwa. Wageni wa posa walikuwa wanatoka Magu, watu wenye ng'ombe wengi na pua za kutosha. Siku hizo hizo Mkunga akapata msiba Misungwi, muuguzi mwenzake wa zamani. Aliondoka na kuniachia pipa likiwa na siku tatu tangu lijazwe. Lundo lililokuwa tayari lilikuwa pembeni, limeshapita kopo, limeshaandikwa "Imeruhusiwa," linasubiri arudi agawe. "Mwangalizi: Mama Neema," aliandika kwenye kadi ya pipa. Nilifurahi kuona jina langu pale. Hakuwa amewahi kumwachia mtu mwingine.

Nilikoroga siku sita. Siku ya sita ilikuwa ndiyo kesho yake wageni wanakuja, joto kali, na harufu ilikuwa imeingia hadi kwenye vitambaa vya wateja. Nilifunika pipa kwa turubai, haikusaidia. Nikaweka ubani, nyumba ikanuka ubani na pipa kwa pamoja. Mume wangu akasema, "Wale wakigeuza hapo njiani tusilaumiane." Nikaona haya. Haya ya kijinga, ya mwanamke anayewaza watu wa Magu watasema binti anatoka nyumba inayonuka. Pipa lilikuwa na siku tisa. Nikaliinamisha, nikamwaga yote juu ya lile lundo lililoruhusiwa, nikachanganya kidogo kwa reki, nikafunika kwa majani ya mgomba. Pipa nikalisuuza, nikalijaza maji na majani ya kawaida ya njiani ili likae kama lilivyokuwa.

Wageni walikuja, wakala wali na sato, wakasifu hewa ya mlimani. Neema akaolewa.

Mkunga aliporudi alinishukuru. Akagawa lile lundo kabla ya mvua, ndoo kwa ndoo, nyumba saba. Nami nilisimama pale na ndoo yangu nikachukua fungu langu. Nilijiambia siku tisa zinatosha. Hazitoshi hata kuiamsha ndago, sembuse kuiua.

Mvua zilipoingia, ndago ilitoka katika viraka vyote saba, na kwa Mama Kulwa ilitoka katika kila tuta, kwa sababu yeye ndiye aliyechukua nyingi. Msimu mzima wa mchicha ulikwenda. Alipanda mlima asubuhi moja na beseni lake la mchicha, ndani yake hakuna mchicha, kuna ndago na vijitunguu vyake. Akaliweka kizingitini kwa Mkunga. Hakumpa shikamoo. Mimi nilikuwa barazani na gauni la mteja chini ya sindano.

"Hizi zimetoka kwenye mboji yako," akasema. "Mimi nilikuamini nikaitandaza yote."

Mkunga alichukua kijitunguu kimoja, akakipasua kwa ukucha. Kilikuwa cheupe ndani, kizima kabisa.

"Mboji ilitoka kwangu," akasema. "Kosa ni langu."

Miguu yangu ilikuwa kwenye kanyagio la cherehani. Niliendelea kukanyaga. Nilishona upindo ule hadi mwisho, na nikauanza tena juu ya mshono uleule. Huo ndio ujasiri wangu wa siku hiyo.

Nilitegemea atafute aliyefanya, kwa sababu ningekuwa mimi ningetafuta. Hakutafuta. Alichukua jembe uma, akashuka mlima na magoti yake mabovu, akachimba ndago katika viraka saba, msimu mzima, huku Mama Kulwa akichuma kisamvu upande wa pili bila kumsemesha. Nilimfuata nikachimba naye. Watu walinisifu kwa wema wangu. Kisha akarudi kwake, akatoa kopo dirishani, akaligeuza pipa kifudifudi. "Kopo limenidanganya," aliniambia. "Au macho yangu." Tangu hapo hakupokea ndago ya mtu. Akawa ananunua mchicha wa sokoni, Mkunga yule yule, na watu wakaanza kurusha tena ndago chini ya jiwe. Mvua ikinyesha nilimsikia Mama Kulwa, chini kabisa, ameanza tena kwa Kisukuma.

Hivyo mwaka ukaisha, na nusu ya mwingine. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Neema akapata mtoto, nikampelekea Mkunga amshike, akamgeuza, akamkagua kucha, akacheka. Nikasema nitamwambia leo. Nikanywa chai, nikaondoka.

Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi mchana, aliniita uani kwake. Amezeeka sasa. Anatembea na fimbo, na goti la kushoto halikunji. Nje ya geti kijana wa toyo alikuwa anasubiri.

"Mama Neema, nisaidie kulivingirisha hili pipa. Yule kijana anataka la kuwekea maji."

"Shikamoo, Mkunga. Unaliuza?"

"Marahaba. Nampa tu. Linanitazama kila asubuhi nikifungua mlango, sitaki tena kutazamana nalo."

Tuliliinamia wote wawili. Akasimama kidogo kupumzisha goti, akasema, kwa sauti ile ile ya kuongelea mambo ya kawaida, "Unajua ninachowaza? Kopo lile nililitazama wiki tatu, kila siku, nikaandika halina kitu. Na kumbe lilikuwa nacho. Sasa nawaza wale mama. Wangapi niliwatazama kwa macho haya haya nikaandika hawana kitu."

Sikujua. Nilikuwa nimedhani nimemharibia jina mbele za watu, na hilo lilikuwa zito la kutosha. Kumbe kwa mwaka na nusu alikuwa anarudi nyuma peke yake, zahanati kwa zahanati, anawakagua upya wanawake wote aliowahi kuwahudumia, kwa sababu ya wageni wangu wa Magu. Nikaliachia pipa. Nikamwambia kila kitu, msiba, ubani, turubai, reki, majani ya mgomba. Nilikuwa nalia hadi sisikii ninachosema, na yeye hakunigusa.

Nilipomaliza akakaa juu ya pipa.

"Siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Ulimwaga juu, au ulichanganya?"

"Juu. Nikachanganya kidogo na reki."

"Kopo lilikuwa limeshatoka?"

"Limeshatoka. Ulikuwa umeshaandika imeruhusiwa."

"Baada ya kopo," akasema. "Baada ya kopo, Mama Neema. Sema tena."

"Baada ya kopo."

Akapiga pipa kwa kiganja, mara moja, likalia kama ngoma. Akaanza kucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka na bado anacheka, anapiga pipa, anasema, "Halikudanganya. Kopo halikudanganya." Kijana wa toyo alichungulia getini, akaona wanawake wawili mmoja analia mmoja anacheka, akarudisha kichwa.

Kisha akajifuta machozi, na uso wake ukarudi ule ninaoujua. Akaniagiza ndani, kwenye lile sanduku la bati, chini ya kitenge, kuna bati la biskuti lenye kadi. Nikalileta. Akaitafuta bila miwani, kwa kuhesabu tu kutoka mwisho. Kadi ya lundo lile. Chini ya "Imeruhusiwa" alikuwa ameandika, kwa mkono wake mzuri wa kizamani: "Imeota ndago viraka saba. Sababu: mkunga kutoona."

Akanipa kalamu. "Futa hiyo. Andika ilivyokuwa."

Nikaandika: Pipa la siku tisa lilimwagwa juu ya lundo baada ya kopo.

"Na nani?"

Nikaandika Mama Neema.

"Jina lako zima. Mama Neema wako wengi."

Nikaandika jina langu zima. Nikamwambia nisamehe. Akaisoma kadi kwanza, akairudisha kwenye bati. "Mimi umeshaniambia. Wa chini hajasikia." Akanielekeza kwa fimbo kwenye jembe uma lililoegemea ukuta. "Na umwambie yule kijana arudi zake, pipa lina kazi."

Nilianzia nyumba za juu, nikashuka. Mmoja alicheka, mmoja alinifungia mlango, mmoja alisema alijua, na hakujua. Mama Kulwa nilimkuta anafunga mafungu ya mchicha mwembamba. Nilisimama pembeni ya tuta nikasema yote. Hakuacha kufunga. Alimaliza fungu, akachukua lingine, akamaliza.

"Mwaka na nusu," akasema hatimaye. "Mtu aliyewapokea wanangu nampita kama mti. Kanisani nampita. Na wewe unaniuliza, Mama Kulwa, habari za leo."

"Ndiyo."

"Anzia pale." Akaonyesha tuta la mbali kabisa.

Nilichimba hadi jua likashuka upande wa ziwa. Nilichimba kama nilivyofundishwa, mbali na shina, taratibu, mnyororo mzima mzima. Zikajaa salfeti mbili. Nilipogeuka nikamkuta Mama Kulwa ameoga, amevaa kitenge kizuri na beseni kichwani, safari hii limejaa mchicha. Akachukua salfeti moja mkononi, nikachukua ya pili, tukapanda mlima.

Mkunga alikuwa mlangoni. Pipa lilikuwa limesimama wima, limejaa maji hadi nusu. Sijui nani alimchotea, sijui aliliinuaje na goti lile.

Mama Kulwa alitua beseni, akapiga magoti, jambo ambalo hajanifanyia mimi wala mama mkwe wake. "Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba, mwanangu. Kulwa na Doto wazima?"

"Wazima."

"Kucha?"

"Wamekata."

Basi, hayo tu. Tukatumbukiza ndago, tukaweka jiwe, tukafunika. Mkunga alikuwa ameshakata boksi. Aliandika akiwa ameegemea ukuta, akabana kadi kwenye mdomo wa pipa kwa kibanio, akaingia ndani kuosha mchicha. Niliinama kuisoma. Ndago ya Mama Kulwa. Salfeti mbili. Imelazwa leo. Nikateremka kwenye mstari wa mwisho, nikausoma mara mbili. Mwangalizi: na jina langu zima.

Leo ni siku ya thelathini na moja. Nakoroga asubuhi na jioni, nanusa, naandika. Wiki hii kumekuwa na joto, na pipa limefika pabaya. Jana alikuja mteja, mama mmoja wa mjini mwenye viatu vya gharama, kupimwa gauni la harusi. Alisimama barazani na mikono juu, futi yangu ya kupimia kiunoni mwake, akavuta pumzi, akaziba pua.

"Fundi, hii harufu ni ya nini?"

"Ni pipa letu," nikamwambia. "Ukimaliza kupimwa nitakuonyesha."